Mvua Nyepesi Mabondeni, Theluji Mlimani

"Shikamoo mama," ilisema kompyuta, kisha kikafuata kimya kifupi, kisha "leo mabondeni," na hapo ndipo Twaha alipokwama, mkono juu ya kipanya, akitafuta neno ambalo alijua halimo.

Alikuwa stoo, nyumbani kwake Kimara. Magodoro ya zamani yalikuwa yameegemezwa ukutani ili sauti isirudi, na dirishani ilitundikwa kanga ya mkewe, iliyokunjwa mara mbili, kupunguza ngurumo za malori ya Barabara ya Morogoro. Kazi yake ilikuwa kuunga maneno. Kila alfajiri ofisi yao ndogo ya Sinza ilimtumia taarifa ya hali ya hewa, naye aliigeuza kuwa ujumbe wa sauti uliopigwa kama simu kwa wakulima wa kaskazini, wale wa migombani kwenye miteremko ya Kilimanjaro na wale wa tambarare iliyo chini yake.

Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya Marietha, mwanamke wa Goba mwenye asili ya Marangu. Gozbert, mkuu wa ofisi, alimsikia akisoma matangazo kanisani siku ya Jumapili, akasema hii ndiyo sauti ya kumwamsha mtu bila kumkera. Marietha akaja kwenye stoo ile ile, akakaa kwenye kigoda, akasoma kila neno peke yake: jua, ukungu, mabondeni, mlimani, asubuhi, mchana, theluji. Twaha aliyakata yale maneno moja moja akayahifadhi, na tangu hapo alikuwa akiyapanga upya kila siku, kama fundi anayepanga vigae vile vile kwenye vyumba tofauti. Aliyesikiliza huko mlimani asingejua kwamba Marietha mwenyewe saa hiyo alikuwa bado amelala.

Shikamoo ilikuwa wazo la Gozbert. Wasikilizaji wetu wengi ni watu wazima, alisema, huwezi kumpigia mtu mzima ukaanza na mawingu. Lakini kile kimya kilichofuata kilikuwa cha Twaha. Alijaribu kwanza bila kimya, akaona vibaya. Kumwamkia mtu kisha usimsubiri aitikie ni kama kumpita njiani. Akaacha nafasi ya kutosha mtu kusema marahaba. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo, na moyoni alijisifu kidogo kwa jambo lile.

Neno lililokosekana lilikuwa "mvua kubwa." Siku ya kurekodi walikuwa wamefika kwenye mvua nyepesi na mvua za hapa na pale umeme ulipokatika. Marietha akasema atarudi kumalizia. Mara kukawa na mazoezi ya kwaya, mara mtoto wa dada yake anaumwa, mara barabara ya Goba imechimbika haipitiki. Twaha hakumsukuma. Hakuwa mtu wa kusukuma watu. Kiangazi kilikuwa kirefu, mvua nyepesi ikatosha, na lile pengo likasahaulika kama jino la nyuma lililong'olewa. Sasa masika ilikuwa imeingia.

Taarifa ya siku hiyo ilisema: mvua kubwa katika baadhi ya maeneo ya mabonde na tambarare, theluji juu ya mlima, wakazi wa kando ya makorongo wachukue tahadhari.

Akaisoma tena. Macho yake yakasimama kwenye "baadhi." Baadhi si yote, alijiambia. Ikiwa baadhi watapata kubwa, basi waliobaki watapata nyepesi, na waliobaki ndio wengi. Alijua, hata akiwa anajiambia hivyo, kwamba anafanya kama mtu anayepima nguo isiyomtosha huku amevuta pumzi. Simu ikawaka. Gozbert ameandika: "Vipi shehe, bado?"

Twaha akavuta kipande kilichozoeleka kuliko vyote. Leo mabondeni, mvua nyepesi. Mlimani, theluji. Siku njema. Akasikiliza mara moja toka mwanzo mpaka mwisho. Ujumbe ulitoka laini, hakuna mahali mshono ulipoonekana, na ulaini ule ulimtuliza. Akatuma.

Siku ikaenda zake. Alitengeneza redio ya jirani, akala, akaswali adhuhuri, akarudi stoo kupanga nyaya. Simu ilipoita na kuonyesha jina la Marietha, wazo lake la kwanza lilikuwa zuri: leo anakuja kumalizia.

"Kaka Twaha, za kazi."

"Nzuri, dada. Za Goba?"

"Tupo. Samahani kukusumbua. Eti, kwenye huduma yenu mnao watu wa tambarare ya kwetu? Kule chini ya Marangu?"

"Wapo, wengi tu."

"Unaweza kuwauliza kama wamemwona mama yangu? Ameshuka shamba asubuhi, kwenda kupanda mahindi. Wanasema korongo limeshusha maji. Simu yake haipatikani."

Twaha akakaa kwenye kigoda. Akasikia mtu kule Goba akisukuma geti, kisha kuku.

"Mvua ilikuwa inanyesha alipotoka?" aliuliza.

"Haikuwa inanyesha. Jirani anasema alitoka amechangamka." Kelele za kuku zikasogea mbali. "Kaka Twaha, leo asubuhi nilisema nini?"

Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Alikuwa anauliza alichosema yeye mwenyewe, kwa sauti yake, kwenye simu za watu wote wale. Wote wale walisikia; yeye peke yake hakuwa na habari.

"Alo?" alisema Twaha. "Alo, dada, mtandao unasumbua." Alikuwa anamsikia vizuri sana. "Nakuja huko. Nakuja sasa hivi."

Akakata. Akabaki ameshika simu, uso umepata joto kama mtu aliyeinama mbele ya jiko. Hajawahi kumdanganya mtu kwa uongo mdogo kiasi kile, wa kitoto, na akaona kwamba udogo wake ndio uliouma. Akampigia Gozbert. Gozbert, na kwa hilo asifiwe, hakuuliza maswali. Alisema atawapigia wasikilizaji wa upande ule mmoja mmoja, akaanza papo hapo.

Hamisa, mkewe, alikuwa uani anachambua mchicha. Twaha alimweleza yote akiwa amesimama, kuanzia umeme uliokatika siku ile mpaka neno baadhi. Hamisa alisikiliza bila kuacha kazi yake.

"Na mama wa watu yuko wapi sasa?"

"Hajulikani."

"Nenda. Hayo si ya kusemwa kwenye simu." Akanyanyua macho. "Na usiende mikono mitupu. Pitia kwa Mangi uchukue japo sukari."

Mangi alikuwa Praygod, mwenye duka la kona. Jina lake halisi waliolijua walikuwa wachache, maana Mchaga akifungua duka Dar hupewa cheo hicho cha kichifu na mtaa mzima bila kuapishwa.

"Mangi, nipimie sukari kilo moja."

"Shehe, ya ndoa au ya msiba?"

"Ya kuomba radhi."

Praygod akacheka mpaka upawa ukatikisika. "Umemkosea mama Hamisa? Mbona yeye sukari huja kukopa mwenyewe."

"Nimemkosea mtu wa kwenu. Wa Marangu. Na mama yake."

Kicheko kikakatika. Praygod akarudisha sukari ndani ya gunia, taratibu, akajifuta mikono. "Mtu wa kwetu huendi kumwomba radhi na sukari. Sukari atainywa, hasira zitabaki." Akatoka kwa mlango wa nyuma, akarudi na jani refu, kijani kibichi, lenye ncha kali. Alikuwa amepanda ua mzima wa namna ile kuzunguka choo chake, na Twaha miaka yote aliyaona kama mapambo tu. "Hili ni isale. Ukimpelekea mtu wa kwetu hili, umemfunga. Hawezi kukataa kukusamehe."

"Hata kama kosa ni kubwa?"

"Hata ungekuwa umemwibia ng'ombe. Hata angekuwa ameapa. Akiliona isale, kwisha."

"Mnawezaje kuishi hivyo?"

"Ndiyo maana kwenye hesabu za duka sie ni wakali," alisema Praygod. "Ni mahali pekee tulipobakiziwa."

Twaha alilikunja jani akalitia kwenye mfuko wa shati, ncha ikichungulia. Akapanda bodaboda kupitia Mbezi. Mwanzo wa safari alijisikia ameshushiwa mzigo. Kumbe kulikuwa na njia, na njia yenyewe haina shaka. Lakini walipoanza kupanda na kushuka vilima vya Goba, dereva akikwepa mifereji ya udongo mwekundu iliyochimbwa na mvua, ule wepesi ukaanza kumchachia. Hawezi kukataa. Alijaribu kuwaza uso wa Marietha akilipokea, akaona uso wa mtu aliyeshikwa mkono akatiwa kalamu ya kusaini.

Nyumba ilikuwa kwenye mteremko, haijapigwa lipu, bati jipya juu. Marietha alikuwa barazani, simu mapajani, amevaa kitenge cha nyumbani na sweta la mtu mwingine. Alimkaribisha kiti kwa kidevu.

"Hakuna habari?" aliuliza Twaha.

"Bosi wako kanipigia. Kuna mzee mmoja wa kule anakwenda kuangalia."

Twaha akakaa. Akafungua mdomo aseme, akaona hawezi kuanza na maneno yoyote yasiyokuwa ya kujitetea. Kila alilolipanga njiani lilikuwa na "umeme" ndani yake, au "baadhi." Akaufunga. Walikaa hivyo mpaka simu ikaita, namba wasiyoijua, na Marietha akaibonyeza kwa haraka iliyofanya sauti itoke nje kwa wote wawili.

"Alo, Marietha?"

"Mama. Shikamoo. Uko wapi, mama?"

"Marahaba. Leo umeniamkia mara ya pili." Sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, imechoka lakini haina haraka. "Niko huku ng'ambo ya korongo, kwa Wapare fulani, wamenipa uji. Mguu umevimba kidogo. Jembe ninalo. Mbegu ndiyo zimekwenda."

Marietha alifunika macho kwa kiganja. "Ilikuwaje, mama?"

"Maji yalikuja kabla ya mvua. Niko katikati, pakavu kabisa, nasikia mawe yanagongana huko juu. Nikashika mti. Ndiyo hivyo, nikashika mti, wakanikuta." Akakohoa. "Asubuhi ulisema mvua nyepesi."

Marietha akamtazama Twaha.

"Sikulaumu, mwanangu. Umekaa mjini mno, mvua ya kwetu utaijuaje tena? Na mie mwenyewe niliutazama mlima nikauona umefunga vibaya, na theluji imeshuka chini kuliko kawaida. Ila nikasema, mwanangu kaniambia nyepesi, nisimfanye mwongo."

Twaha aliinamisha kichwa. Sakafuni palikuwa na mstari wa siafu wakipita na punje ya wali, naye akawatazama kama aliyetumwa kuwahesabu.

"Hapo uko na nani?" aliuliza mama. "Nasikia mtu anavuta pumzi."

"Kaka Twaha, mama. Wa kazini."

"Shikamoo mama," alisema Twaha.

"Marahaba, baba. Wewe ndiye mkubwa wake? Basi nikuombe kitu. Mpeni nafasi aongee. Kila asubuhi akishaniamkia, nikishaitikia, ananipa habari za mvua na jua, anakata. Namuuliza, umeamkaje, amekwisha kata. Najua kazi ni kazi. Lakini mngemwongezea nafasi kidogo tu, japo ya kuniambia amekula nini."

Twaha alimtazama Marietha. Marietha alikuwa ameugeuzia ukuta uso.

"Sawa, mama," alisema Twaha. Kimya alichokiacha baada ya shikamoo, kile alichojisifia, kilikuwa kimefanya kazi kupita alivyokusudia.

"Nitalala huku," mama aliendelea. "Simu yangu imekunywa maji, kesho asubuhi unipigie kwenye hii. Utaniambia kukoje, ndipo nivuke. Haya, ni simu ya watu."

Ikakatika. Kwa muda ilisikika mashine ya kusaga tu, huko bondeni, na mtu akifoka kwamba gunia lake limerukwa zamu.

"Yuko salama," alisema Twaha mwishowe. "Alhamdulillahi."

"Yuko salama," alisema Marietha, bado ameuelekea ukuta. Kisha akageuka. Macho yalikuwa mekundu lakini makavu. "Umesikia mwenyewe. Siku ya kwanza ile simu yenu ilipompigia, baadaye alinitafuta anafurahi, anasema leo umenikumbuka alfajiri. Nikasema nitamweleza. Nikaona amefurahi mno, nikaiachia kesho. Zamani alikuwaga na lawama, kila siku hunipigii, hunipigii. Zikaisha. Na mie zilipoisha nikaacha kupiga."

"Dada..."

"Ngoja nimalize. Hata kuja kwako kurekodi, sikuwa na kwaya siku zote zile. Nilikuwa naona aibu kukaa pale nikisema shikamoo mama, shikamoo mama, kwenye mashine, na huku najua nani ataitikia."

Twaha alihisi jani kwenye mfuko likimchoma kidogo kifuani. Akaona zamu ni yake na haihamishiki.

"Taarifa ya leo ilisema mvua kubwa," alisema. "Na makorongo iliyataja."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu sijawahi kuisema. Nakumbuka tulipoishia, nikiwa nimeshika ile glasi ya maji, umeme ukaondoka. Nimekaa hapa tangu mchana nawaza hivyo. Nilipokuuliza nilisema nini, nilikuwa nalijua jibu. Nilitaka nione kama utaniambia."

Hakuna aliyetaja mtandao uliosumbua. Twaha alitamani autaje, ili liishe.

"Ningeweza kuacha kutuma," alisema.

"Au ungesoma wewe. Kwani huna sauti?"

Swali lilikuwa jepesi mno, na kwa kweli hakuwa amejiuliza asubuhi ile. Alikuwa amelipita kama mlango uliozibwa zamani kwa kabati. Alikaa akilitafuta jibu la kweli, kwa sababu aliona kwamba jibu lolote zuri litakuwa la uongo.

"Waliwahi kunijaribu," alisema. "Mwanzoni kabisa, kabla yako. Nikasoma taarifa nzima, ofisi ikakaa kusikiliza. Gozbert akasema mtu wa Temeke kama mie akitamka theluji inakuwa kama anatembeza juisi ya miwa. Wakacheka wote. Na mie nikacheka."

"Tangu hapo?"

"Tangu hapo."

Marietha alitikisa kichwa polepole, akiyapanga maneno. "Kwa hiyo mama yangu ameingia korongoni kwa sababu wewe ulichekwa," alisema, kwa sauti ile ile ya matangazo ya kanisani, bila kuinua wala kushusha. "Na kwa sababu mie nilikuwa mvivu wa kumpigia."

Hapo Twaha alilitoa jani. Hakujua afanye nini kingine na mikono yake. Lilikuwa limejikunja katikati kwa joto la mwili, akalinyoosha juu ya goti kabla ya kulishika mbele yake.

Marietha alilitazama, na kwa mara ya kwanza alionekana kushangaa. "Nani kakupa?"

"Praygod. Mwenye duka."

"Kakwambia maana yake?"

"Kaniambia huwezi kukataa."

"Na wewe ukaona ndilo unalolitaka, nisiweze kukataa."

Mkono wa Twaha ulikuwa bado umenyooka na jani, na kuurudisha kulikuwa kugumu kuliko kuunyoosha.

"Lirudishe mfukoni, kaka Twaha. Si kwa ubaya. Ukinipa hilo, imekwisha, na mie sitaki iishe leo jioni hapa barazani, watu wawili wamekaa kwenye viti. Mama analala kwa Wapare." Akajifunga kitenge upya. "Na usidhani sijaliwaza. Nyuma ya nyumba nimeyapanda, tele. Mchana nilikwenda nikasimama pale. Nikijifikiria naenda Marangu nimeshika isale, mama atanisamehe kabla sijasema nimefanya nini. Ndivyo alivyo. Si umemsikia?"

Twaha akalirudisha mfukoni. Marietha akaliangalia begi lake.

"Umekuja na mashine yako?"

Alikuwa nayo. Kinasa sauti kidogo, huwa hakimtoki kwenye begi. Wakaingia sebuleni. Marietha alifunga madirisha, akazima jokofu kwa sababu lilikuwa linaguna, na Twaha akasimamisha mito ya kochi kuzunguka meza, akatandika blanketi juu yake, mlango wa mbele wakauacha wazi kwa heshima. Kazi ile aliijua. Alipokuwa anapima umbali wa mdomo na kinasa sauti, uso wake ulipoa kidogo, akajiona na haki ya kupumua.

"Tuanze na mvua kubwa," alisema. "Kisha korongo. Kisha msivuke."

"Mvua kubwa," alisema Marietha.

Twaha alisikiliza kwenye spika za masikioni. Ilikuwa sauti ya mtu anayemkaripia mtoto. Akaomba tena. Ya pili ilikatika katikati. Ya tatu ilitoka nzima lakini imelowa, mtu angedhani anatangaza msiba.

"Jaribu kuisema kama ulivyosema mvua nyepesi," alisema Twaha. "Ile ile. Ili zikae pamoja."

Marietha akamtazama juu ya ukingo wa blanketi. "Haziwezi kufanana, kaka. Zikifanana hakuna atakayesimama."

Twaha akatafakari. Siku zote kazi yake ilikuwa kufanya zifanane. Aliwahi kukesha akisawazisha viwango vya sauti ili ukungu usiwe juu kuliko jua, ili msikilizaji asigutuke mahali popote. "Kweli," alisema. "Sema unavyoona."

Akaisema. Haikuwa ya kukaripia wala ya kulia. Ilikuwa nzito, ina kituo mbele yake, kama mtu anayeshika mkono wa mwenzake barabarani. Twaha akainua kidole kuonyesha imeshika. Wakaingia kwenye korongo, neno likapatikana kwa shida kidogo. Walipofika "msivuke," tone la kwanza likapiga bati.

Wote wawili wakatazama juu. Yalikuja machache, yakasita, kisha mvua ikamwagika kwa pamoja na sebule yote ikajaa mlio mmoja. Twaha aliona midomo ya Marietha ikisema neno. Kwenye spika za masikioni hapakuwa na mtu, bati tu. Akasubiri. Marietha akarudia, akarudia, mikono ameshika ukingo wa meza. Mwishowe Twaha akatikisa kichwa, akazima, akavua spika.

"Haisikiki," alisema kwa nguvu.

"Itapungua?"

"Hii? Labda usiku. Tuachie hapa. Tutamalizia kesho."

"Na kesho asubuhi utatuma nini? Msivuke hatunayo."

Alikuwa anajua kwamba swali lile litakuja, na alikuwa ameanza kulijibu tangu kule barazani. "Taarifa ikiingia, nitakusomea wewe kwanza, kwenye simu, kama ilivyoandikwa. Umpigie mama. Waliobaki nitawasomea mwenyewe."

Marietha hakumsifu wala hakumcheka. Alirudisha mito kwenye kochi, mmoja baada ya mwingine. "Isome yote," alisema. "Hata mahali ambapo hupajui maana yake. Usiikate."

"Sitaikata."

"Sijui nitaanzaje," alisema Marietha, na kwa mvua ile Twaha ilibidi asogee ndipo asikie. "Nikishamwambia kuhusu korongo. Sijui nimwambie kwanza zile simu hazikuwa mie, au nimwache avuke kwanza, afike nyumbani, akae."

Twaha aliufungasha waya kwenye begi, akaukunja, akaona ameukunja vibaya, akauanza tena. Alitaka kumwambia amwache avuke kwanza. Alitaka pia kumwambia aseme yote. Hakuona kama yeye ndiye mtu wa kumwambia lolote kati ya hayo.

"Nitapiga mapema," alisema. "Uwe macho."

Akasimama mlangoni, begi kifuani, akisubiri mvua ipungue kiasi cha mwendesha boda kukubali kupita.